Vifurushi vya kumsaidia dereva kwenye gari la umeme: mwongozo kamili wa kuchagua

Nissan Leaf mbili, magari ya umeme, ziko kwenye tangazo la mwagizaji mmoja. Zote za mwaka 2019, zote nyeupe, zote betri ya kWh 40 (kilowati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Moja ina ProPILOT, mfumo wa Nissan wa kumsaidia dereva, nyingine haina, na yenye ProPILOT ndiyo ghali. Ukimpigia muuzaji, atakwambia ile ya ghali inajiendesha yenyewe. Si kweli. Inachofanya ni kukusaidia kushika mwendo na leni wakati wewe uko macho. Thamani ya msaada huo kwako inategemea barabara unazopita, hali ya kioo cha mbele, na mambo mengine ambayo muuzaji hatayataja usipouliza.

Nimeandika nikimfikiria zaidi mnunuzi wa Kenya au Tanzania anayeagiza Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, maana ndilo gari la umeme ambalo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulifikia. Wanaofikiria BYD mpya, au gari la Kichina la usukani wa kushoto, au Tesla huko Ulaya na Marekani, nao wana sehemu yao mbele. Kanuni ninayoitumia kwa wote ni moja: pesa ya kwanza iende kwenye kifaa kinachodaka kosa lako, ya pili kwenye kinachokupunguzia uchovu, na usilipe hata senti kwa kile ambacho kampuni inaahidi kukileta baadaye.

Hatua ya kwanza: kifungue kifurushi uone kilichomo

Jina la kifurushi halikwambii kitu. Omba orodha ya vifaa, kisha vigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la ulinzi. Humo mna breki ya dharura inayojifunga yenyewe, onyo la kugonga mbele, onyo la gari lililo pembeni usikoliona kwenye kioo, breki ya wakati wa kurudi nyuma, na kamera. Vifaa hivi hukaa kimya mwaka mzima vikisubiri siku utakayochelewa kukanyaga breki.

Fungu la pili ni la safari. Hapa kuna kruzi, yaani kifaa kinachoshika mwendo uliouweka bila wewe kukanyaga kanyagio, ya aina inayopunguza mwendo gari lililo mbele likipunguza, na usukani unaojirekebisha ili gari libaki katikati ya leni. ProPILOT ya Leaf ni hivyo viwili kwa pamoja.

Fungu la tatu ni programu za kiwango cha juu: gari kubadili leni lenyewe, kufuata njia ya ramani, kupita makutano, kujiegesha. Hizi hununuliwa kwa mkupuo au hulipiwa kila mwezi.

Karibu kila gari linalouzwa leo kwa mtu binafsi, hata lenye fungu la tatu, halivuki ngazi ya pili katika mizani ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, inayoanzia 0 hadi 5. Ngazi ya pili maana yake gari linaweza kushughulikia usukani, mwendo na breki kwa wakati mmoja, lakini dereva ndiye anayewajibika kila sekunde. Mercedes-Benz ilipopata kibali cha ngazi ya tatu Ujerumani mnamo Desemba 2021, kilikuwa cha barabara kuu tu, na kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Mtu akikuuzia Leaf "inayojiendesha", hesabu umbali uliopo kati ya maneno yake na hali halisi.

Kwa nini naliweka fungu la kwanza mbele? IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima, imelinganisha rekodi za ajali za magari yenye vifaa hivi na yasiyo navyo. Onyo la mbele likiunganishwa na breki ya dharura, ajali za kugonga gari la mbele hupungua kwa nusu. Breki ya kurudi nyuma ikiwa pamoja na kamera na sensa, ajali za kurudi nyuma hupungua kwa asilimia 78. Breki inayotambua watembea kwa miguu hupunguza ajali za kuwagonga kwa asilimia 27, ingawa gizani, mahali pasipo na taa za barabarani, hakukuonekana tofauti yoyote. Hilo la mwisho litie akilini, maana barabara zetu nyingi za usiku ni za namna hiyo.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 2024 taasisi hiyo ilitoa matokeo kuhusu mifumo ya Nissan na BMW ya kushika leni na mwendo, na haikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mifumo hiyo inazuia ajali. Inapunguza uchovu, na hilo ni jambo zuri kwa anayesafiri mwendo mrefu. Lakini ukiilipia, jua unalipia starehe.

Hatua ya pili: ziandike barabara zako

Kabla ya kurudi kwenye tangazo, chukua karatasi uandike safari zako za wiki moja ya kawaida. Kando ya kila safari jibu maswali matatu: mistari ya leni inaonekana? Kuna matuta? Nani mwingine anaitumia barabara hiyo?

Usukani unaojirekebisha hufuata mistari iliyochorwa chini. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ina mistari safi, haina matuta na bodaboda haziruhusiwi kupanda. Hapo ProPILOT hufanya kazi karibu kama ilivyokusudiwa. Thika Road nayo ina vipande virefu vizuri, na Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kibaha vilevile. Ukishuka kwenye barabara ya mtaa ambayo rangi imefutika na ukingo wa lami umeliwa, alama ya usukani kwenye dashibodi hugeuka kijivu na msaada unakatika. Kama safari zako tisa katika kumi ni za namna hiyo, jibu umeshalipata.

Matuta ni suala linalohitaji uangalifu wa pekee. Kruzi ya Leaf huangalia gari lililo mbele, haiangalii tuta. Ukiiweka kilomita 80 kwa saa na mbele kukawa kweupe, itakufikisha kwenye tuta la kijijini ikiwa kilomita 80 hizo hizo. Barabara kuu zetu hupita katikati ya vituo vya biashara, na kila kituo kina matuta yake, mengine hayana rangi wala kibao. Kwa hiyo kruzi hapa ni ya kuwashwa kipande kwa kipande.

Kuna pia lori lililoharibika. Dereva wa hapa akiona matawi yametandazwa barabarani anajua mbele kuna gari limekwama, naye hupunguza mwendo kabla hata hajaliona. Gari halijui maana ya matawi. Vitabu vya maelekezo vya kampuni nyingi huonya kwamba kruzi inayofuata gari inaweza isiitikie kitu kilichosimama ukiwa kwenye mwendo mkubwa, hasa gari la mbele yako linapokwepa ghafla na kukuachia lori uso kwa uso. Kwa safari za usiku za Mombasa Road au za kuelekea Morogoro, hii ni hatari ninayoiogopa kuliko zote. Ushauri wangu ni kutotumia kruzi kabisa giza likishaingia kwenye barabara isiyo na taa.

Mvua nayo ina lake. Kwenye ProPILOT, waipa zikiwekwa kasi ya juu, msaada wa usukani hujizima. Wakati wa masika utaendesha kwa mikono yako, upende usipende.

Na foleni? Hapo kruzi inasaidia kweli, kwa sababu hulifuata gari la mbele mpaka kusimama. Likisimama kwa zaidi ya sekunde chache, unabonyeza kitufe au kugusa kanyagio ndipo liondoke. Ila nafasi inayoachwa mbele yako itajazwa na matatu au daladala, na kila ikijazwa gari litafunga breki. Weka umbali mfupi kabisa kati ya ule unaoruhusiwa na mfumo, na uangalie bodaboda zinazopenya ubavuni.

Hatua ya tatu: thibitisha kwamba kifaa kipo

Leaf zenye ProPILOT zilianza kutoka Japani Oktoba 2017, kizazi ambacho namba yake ya chesisi huanza na ZE1. Leaf za kabla ya hapo, ZE0 na AZE0, hazikuwa nayo hata moja, kwa hiyo tangazo linalosema "AZE0 yenye ProPILOT" ni tangazo la kufunga na kuendelea na mengine. Kwa Kenya, yenye kanuni ya kutopokea gari lililozidi miaka minane, AZE0 zimeshapitwa na kikomo hicho. Tanzania bado unaweza kuzileta ukikubali kodi ya uchakavu.

Lakini ZE1 peke yake haitoshi. Japani Leaf hiyo iliuzwa katika daraja S, X na G. S haikuwa na ProPILOT. Kwenye X ilikuwa ya kuongezea kwa pesa, na kwenye G ilikuja na gari. Ndiyo maana Leaf mbili za X zinaweza kutofautiana kabisa.

Omba picha ya usukani iliyo karibu. Upande wa kulia utafute kitufe cha buluu. Hicho ndicho cha ProPILOT. Kisha omba picha ya sehemu ya miguu na ya katikati ya viti. Gari lenye ProPILOT huwa na breki ya kuegesha ya umeme, yaani kitufe, kwa sababu mfumo lazima uweze kulishikilia gari likisimama. Ukiona kanyagio la ziada la breki ya kuegesha upande wa kushoto, mara nyingi ProPILOT haipo. Soma pia karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya gari lilipouzwa mnadani Japani, au mpe anayesoma Kijapani akusomee: vifaa vya ziada huandikwa humo, na hapo hapo utaona kama bampa la mbele au kioo vimewahi kubadilishwa.

Usichanganye mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya kila siku. e-Pedal, ile ya kuendesha kwa kanyagio moja, haioni mbele. Hupunguza mwendo na kusimamisha gari kwa sababu wewe umeinua mguu. Ni nzuri sana kwenye foleni na hurudisha chaji kwenye betri, ila usiihesabu kama breki ya dharura. Na picha ya gari kutoka juu, inayounganisha kamera nne, ni kifaa kingine tofauti na ProPILOT. Kwa anayeegesha Kariakoo au Eastleigh, penye watoto, mikokoteni na mitaro isiyofunikwa, mimi ningechukua kamera hizo kabla ya ProPILOT bila kusita.

Jambo moja zaidi: Leaf ya soko la Japani huja na menyu na sauti za Kijapani. Onyo litakapotokea kwenye dashibodi litakuwa kwa Kijapani. Piga picha kila onyo, litafsiri kwa simu ukiwa umeegesha, na ujifunze alama zake kabla hujaanza safari ndefu.

Hatua ya nne: pima kifurushi dhidi ya betri

Huu ndio uamuzi mkubwa, na watu wengi huukosea kwa kuvutiwa na vitufe. Betri ya Leaf hizi za mtumba haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, hivyo hali yake hutegemea sana ilivyotumiwa na joto la mahali ilipokuwa. Kwenye dashibodi kuna vipande 12 vya afya ya betri. Kipande kikipotea, umepoteza umbali wa safari, na hakirudi.

Ukiwa na bajeti moja na magari mawili, moja lina vipande 12 bila ProPILOT na lingine lina vipande 10 pamoja na ProPILOT, chukua la vipande 12. Usukani wa kujirekebisha hautakufikisha nyumbani chaji ikiisha. Omba kipimo cha LeafSpy, programu ya simu inayosoma afya ya betri kupitia kifaa kinachochomekwa chini ya dashibodi. Tofauti ya bei ikitosha kukupandisha kutoka kWh 40 hadi Leaf e+ ya kWh 62, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2019, hesabu hiyo pia kabla ya kuilipia ProPILOT.

Hatua ya tano: uliza ukarabati utagharimu nini

Kamera ya mfumo hukaa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kuangalia nyuma. Rada, kwa magari yaliyo nayo, hukaa nyuma ya grili au bampa. Kioo kikipasuka kwa jiwe la lori na kikabadilishwa, kamera inatakiwa kupimwa upya na kuelekezwa sawasawa. Hali ni hiyo hiyo bampa likigongwa, au ukibadilisha urefu wa sasipensheni. Kamera iliyopinda kidogo sana huona leni mahali isipo.

Kwa hiyo kabla ya kununua, piga simu kwa gereji mbili au tatu za mjini kwako uulize: mnaweza kupima upya kamera ya Leaf baada ya kubadilisha kioo? Mna mashine na vibao vya kuilengesha? Kioo chenye kishikizo cha kamera kinapatikana kwa siku ngapi? Kama hakuna anayeweza, fahamu kwamba siku kioo kitakapopasuka, kifurushi ulicholipia kinaweza kufa, na pamoja nacho breki ya dharura. Muulize pia wa bima kama kupima upya kamera kumo ndani ya fidia ya kioo. Pata jibu kwa maandishi.

Ukishalipata gari, usibandike stika mbele ya kamera, usiweke tinti juu ya eneo lake, wala usifunge chuma cha mbele kinachoziba rada.

Hatua ya sita: lijaribu barabarani

Washa gari ukiwa umeegesha. Taa za onyo ziwake na kuzima zenyewe. Ya breki ya dharura ikibaki, ama mfumo umezimwa kwenye menyu, ama una hitilafu. Fundi achomeke mashine, asome kumbukumbu za hitilafu, akupe orodha.

Angalia vioo. Alama za mtengenezaji kwenye kioo cha mbele zilingane na za vioo vya pembeni. Zisipolingana, kioo kimebadilishwa, na swali linalofuata ni kama kamera ilipimwa upya.

Nenda mchana, barabara yenye mistari mizuri, wakati magari si mengi. Mtangulize rafiki kwa gari lingine, apunguze mwendo taratibu, wewe mguu ukiwa juu ya breki tayari. Kruzi ipunguze kwa ulaini, si kwa kushtuka. Washa ProPILOT, shika usukani kwa wepesi bila kuuachia. Gari likivutwa kuelekea upande mmoja wakati wote, ama alaimenti ni mbovu, ama kamera imepinda. Breki ya dharura usiijaribu kwa mtu, kwa boksi wala kwa ukuta. Afya yake utaijua kwa taa na kwa mashine.

BYD mpya, magari ya Kichina, na Tesla

BYD Atto 3 na wenzake huja na sehemu kubwa ya fungu la kwanza na la pili. Hapo swali lako ni toleo. Gari lililotengenezwa kwa soko la nje lina menyu za Kiingereza na dhamana inayotambuliwa na wakala wa hapa. Lililonunuliwa ndani ya China na kuletwa kwa njia binafsi lina programu ya China, ramani za China na laini ya simu ya China, na sehemu kubwa ya akili yake hubaki huko. Tena huwa na usukani wa kushoto: kwa msomaji wa Kigali, Bujumbura au Goma, wanaoendesha upande wa kulia, hilo ni sawa, lakini Kenya halisajiliwi. Februari 2025 BYD ilitangaza mfumo wake mpya wa kumsaidia dereva hata kwa magari yake ya bei ya chini, kwa wateja wa China. Usimruhusu muuzaji akuonyeshe video ya huko kama ushahidi wa gari aliloliegesha hapa.

Tesla ndiyo inayofundisha vizuri zaidi kuhusu fungu la tatu. Nchini Marekani programu ya Full Self-Driving, yaani "kujiendesha kikamilifu" kwa jina tu, iliuzwa dola 15,000 kuanzia Septemba 2022, ikashuka hadi 12,000 mwaka uliofuata, na 8,000 Aprili 2024, mwezi ambao malipo ya kila mwezi nayo yalishushwa hadi dola 99. Ndugu aliye Houston au Toronto anayeitaka kwa safari za likizo, alipie mwezi mmoja, aone, aache. Vifaa vyenyewe pia hubadilika ndani ya jina lile lile: Tesla ilianza kuondoa rada mwaka 2021 na sensa za bampa mwaka 2022, hivyo usilinganishe magari mawili kwa jina tu. Afrika Mashariki programu hiyo haitolewi, na Tesla ya mtumba ya Uingereza iliyoandikwa kwamba imelipiwa isikuongezee bei hata kidogo.

Kwa aliye ndani ya Umoja wa Ulaya: tangu Julai 2024 kila gari jipya lazima liwe na breki ya dharura, msaada wa dharura wa kubaki kwenye leni, na onyo la mwendo kulingana na kikomo cha barabara. Ukiona "kifurushi cha usalama" cha kulipia chenye vitu hivyo, muulize muuzaji ni kipi kilichomo ambacho sheria haikukupa tayari.

Hatua ya saba: amua

Ukiishi na kufanya kazi ndani ya mji, nunua Leaf yenye betri bora utakayoipata, breki ya dharura inayofanya kazi, na kamera za pande zote. ProPILOT iwepo tu kama haikuongezei bei.

Ukipita Expressway au Thika Road kila siku, au unasafiri kikazi mchana kwenye barabara pana, ProPILOT itakufaa. Lipa tofauti ya bei, mradi betri isipungue na gereji ya kupima kamera ipatikane.

Ukiendesha teksi ya programu usiku na mchana, weka pesa kwenye betri, matairi na taa. Kruzi hutaitumia, na kioo chako kitakuwa hatarini kuliko cha wengine.

Ukimnunulia kijana aliyepata leseni juzi, sharti la kwanza ni fungu la kwanza lote. La pili lizimwe kwa miezi ya mwanzo, ajifunze kuisoma barabara kwa macho yake.

Ukishaamua, mkataba wa kununua usiishie kwenye "Nissan Leaf 2019, nyeupe". Uandikwe namba ya chesisi, daraja, vipande vya betri na kipimo cha LeafSpy cha siku hiyo, ProPILOT ipo au haipo, kamera za pande zote zipo au hazipo, na kwamba taa ya breki ya dharura haikuwaka gari lilipokabidhiwa. Ambatanisha orodha ya hitilafu kutoka mashine ya fundi, pande zote mbili zitie sahihi kila ukurasa, ndipo utume pesa iliyobaki.